Sanaa Isiyouzwa na Faida Yake kwa Ubongo

Ukionekana Nairobi umeketi unachora, unafuma au unapiga gitaa, swali la kwanza utakaloulizwa ni lile lile: "Kwani unauza?" Huulizwa na watu wema, wanaotutakia mafanikio, katika jiji ambalo kodi ya nyumba hulipwa mapema mwezini, iwe mvua iwe jua. Hata hivyo, baada ya kusoma kwa miaka kadhaa yale ambayo wanasayansi wa ubongo wamechapisha kuhusu sanaa, nimeshawishika kwamba swali hilo linawanyima wengi wetu kitu ambacho tungekipata kwa gharama ya karatasi na penseli. Sehemu kubwa ya manufaa ambayo mtu huyapata kwa kufanya sanaa haitegemei uzuri wa kazi yenyewe, sembuse bei yake.

Utafiti ninaoupenda zaidi kuhusu jambo hili ni mdogo na una kasoro, nami nitaueleza pamoja na kasoro zake. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, mjini Philadelphia nchini Marekani, waliwaalika watu wazima 39, wakawapa kalamu za rangi, karatasi, udongo wa kufinyangia na vipande vya picha vya kubandika, kisha wakawaachia dakika 45 wafanye walichotaka. Mate yao yalipimwa kabla na baada ya kipindi hicho ili kujua kiasi cha kotisoli, ambayo ni homoni inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo mwili unapokuwa chini ya shinikizo. Kwa takriban robo tatu ya washiriki, kiasi hicho kilishuka. Karibu nusu yao walikuwa wamesema tangu mwanzo kwamba hawana uzoefu mkubwa wa sanaa, na watafiti walipowalinganisha na wale waliozoea kuchora hawakuona tofauti yoyote ya maana kati ya makundi hayo mawili.

Kasoro zake ziko wazi. Hapakuwa na kundi la kulinganishia, yaani watu wengine 39 ambao wangekaa chumbani kwa muda huo huo wakisoma gazeti au wakitazama ukuta. Kotisoli yenyewe hushuka kidogo kidogo kadiri siku inavyosonga, hata kwa mtu asiyefanya lolote. Tena kuna ile robo iliyobaki, ambayo kotisoli yao ilipanda, labda kwa sababu walisisimkwa na kazi na labda kwa sababu walichukizwa na udongo. Mimi mwenyewe ninashuku kwamba dakika 45 za kukaa kimya, simu ikiwa mbali, zingewashusha wakazi wengi wa Nairobi bila kalamu wala karatasi. Lakini hata baada ya kuondoa yote hayo, hoja moja inabaki imesimama: asiye na talanta hakupata pungufu ya mwenye talanta. Katika nchi ambayo mtu mzima huyakataa makaratasi kwa kusema "mimi sina talanta", kana kwamba anaonyesha cheti cha daktari, hilo si jambo dogo.

Swali linalofuata ni kama kutengeneza kunazidi kutazama. Mwaka 2014 Anne Bolwerk na wenzake nchini Ujerumani walichapisha utafiti uliowahusu wastaafu 28, waliogawanywa makundi mawili kwa kipindi cha wiki kumi. Kundi la kwanza lilifundishwa kuchora na kupaka rangi, kila mmoja akitengeneza kazi zake mwenyewe. Kundi la pili lilipelekwa kwenye jumba la makumbusho, likatazama kazi za wengine na kuzijadili kwa kina pamoja na mtaalamu. Wote walipimwa kwa mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, kabla na baada. Watafiti walikuwa wakiangalia mtandao wa maeneo ya ubongo ambao huwa hai zaidi tunapoacha kushughulikia mambo ya nje na kuanza kujitafakari, kukumbuka yaliyopita au kuwaza yatakayokuja. Kwa wale waliochora, mawasiliano kati ya sehemu ya nyuma ya mtandao huo na sehemu za mbele na za kando yaliimarika, na kuimarika huko kulikwenda sambamba na uwezo wa mtu wa kustahimili misukosuko ya maisha. Kwa wale waliotazama na kujadili, badiliko la namna hiyo halikuonekana. Watu 14 kila upande ni wachache mno kujengea sheria, nami sisemi kwamba makumbusho hayana maana. Ninachosema ni kwamba mkono unaposhiriki, ubongo unafanya kazi ya aina nyingine.

Ninamfikiria shangazi yangu wa mtaa wa Umoja, ambaye amefuma vitambaa vya makochi tangu nilipokuwa mtoto na ambaye hangekubali kuitwa msanii hata kwa hongo. Uzi huzungushwa kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, sindano yenye ndoano hupenya tundu, hukamata uzi, huuvuta, hupenya tena. Midomo yake husogea kwa sababu anahesabu, na ukimsemesha katikati ya safu atainua kidole cha mkono wa kulia bila kukutazama, maana yake usubiri afike mwisho. Akikosea, hafoki, hufumua safu nzima kwa mvuto mmoja na kuanza upya. Yanayomtokea wakati huo yalielezwa vizuri na mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, aliyetumia maisha yake kuchunguza hali ya mtu kuzama katika kazi hadi akasahau saa. Alionyesha kwamba hali hiyo huja pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wa mtu, si rahisi hata achoke nayo, wala si ngumu hata akate tamaa, na pale kazi inapomjibu mtendaji papo hapo. Kitambaa humjibu shangazi kila sekunde mbili. Tundu likiwa kubwa kuliko mwenzake, analiona hapo hapo.

Kuna utafiti mwingine unaosaidia kueleza kwa nini hali hiyo hupotea mtu anapohisi kwamba anakaguliwa. Mwaka 2008 Charles Limb na Allen Braun waliwaingiza wapiga piano sita wa jazi kwenye mashine ya MRI, wakiwa na kinanda kidogo mapajani, wakawaomba mara wapige tuni waliyoikariri, mara wabuni papo kwa papo. Walipobuni, sehemu fulani za mbele na kando za ubongo, zinazohusika na kujichunguza na kujizuia, zilipunguza kazi, ilhali sehemu ya katikati ya mbele, inayohusiana na kujieleza nafsi, iliongeza kazi. Watu sita, narudia, na wote wakiwa mafundi waliobobea. Lakini yeyote aliyewahi kuchora huku mtu amesimama nyuma ya bega lake anajua matokeo hayo kabla ya kuyasoma. "Kwani unauza?" ni swali linalomrudisha mkaguzi kazini wakati ndio kwanza alikuwa ametoka nje kupunga upepo.

Kuhusu kufurahia sanaa iliyotengenezwa na wengine, ushahidi mzuri zaidi umetoka kwenye muziki. Mwaka 2011 Valorie Salimpoor, Robert Zatorre na wenzao mjini Montreal nchini Kanada walichapisha utafiti ambamo washiriki walisikiliza muziki waliouchagua wenyewe, ule unaowasimamisha vinyweleo. Kwa kutumia mashine za PET na MRI, walionyesha kwamba dopamini, kemikali ile ile inayohusika tunapopata chakula kizuri, hutolewa katika sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo striatamu. Kilichonivutia ni mpangilio wake. Katika sekunde zinazotangulia kilele cha wimbo, sehemu moja ya striatamu huwa hai zaidi, ile inayohusika na kutarajia; kilele chenyewe kinapofika, kazi huhamia sehemu nyingine, ile inayohusika na kuonja. Ubongo, kwa maneno mengine, hulipwa mara mbili, na malipo ya kwanza hutolewa kabla ya bidhaa kufika.

Aliyekulia kwenye benga hahitaji mashine kulithibitisha hili. Waimbaji humaliza beti zao, sauti zinanyamaza, gitaa la besi linabaki likitembea peke yake, na kila mtu ukumbini anajua kwamba gitaa la solo liko njiani. Nimewaona wanaume wazima wakiweka glasi mezani na kusukuma viti nyuma kabla ya nota ya kwanza kupigwa. Raha imeshaanza, na bado hakuna kilichochezwa. Ndiyo maana wimbo tunaoufahamu vizuri unaweza kutusisimua kuliko wimbo mpya: hatuwezi kutarajia tusichokijua.

Picha nazo zina ushahidi wake. Semir Zeki wa University College London, mmoja wa waasisi wa uchunguzi wa ubongo na urembo, pamoja na Tomohiro Ishizu, waliripoti mwaka 2011 kwamba watu 21 wa tamaduni mbalimbali walipotazama picha au kusikiliza muziki walioutaja wenyewe kuwa wa kupendeza, sehemu moja ya ubongo iliyo mbele, juu kidogo ya macho, ilichangamka katika hali zote mbili. Mwaka uliofuata Edward Vessel na wenzake wa New York waliwaonyesha watu 16 picha za kuchorwa na kugundua kwamba walitofautiana sana kuhusu picha zipi zinagusa moyo, lakini kwa zile chache ambazo kila mmoja alizipa alama ya juu kabisa, ule mtandao wa kujitafakari nilioutaja hapo awali uliamka. Alama za kati hazikutosha kuuamsha. Picha inayomgusa mtu kwelikweli huingia mahali anapohifadhi habari zake mwenyewe.

Ninalisisitiza hili kwa sababu Nairobi ina mazoea ya kudhani kwamba sanaa ni kitu kilichoko Lavington au ndani ya jumba la maduka lenye maegesho ya kulipia. Vijana wa Rongai na Umoja huacha magari mawili matupu yapite ili wasubiri nganya wanayoipenda, yaani matatu iliyopambwa kwa michoro kuanzia boneti hadi paa, na wanaweza kukueleza kwa nini sura iliyochorwa ubavuni ni kazi ya fundi huyu wala si ya yule. Kanuni za usafiri za mwaka 2004, zile ambazo watu huziita Sheria za Michuki, zilileta mstari wa manjano na kuzizima rangi hizo kwa takriban muongo mmoja, hadi Rais Uhuru Kenyatta aliporuhusu michoro irudi. Sina hamu ya kutetea mwendo wa kasi wala muziki unaopasua masikio, na mama mwenye mtoto mgongoni ana haki ya kuchukia nganya. Lakini kama tunauliza ni wapi mkazi wa kawaida wa jiji hili hukutana na picha inayomgusa asubuhi akielekea kazini, jibu la kweli ni stendi.

Zipo pia studio ambazo hazikungoja watu waje mjini. Maasai Mbili ilianzishwa Kibera mwaka 2001 na wachoraji waliokuwa wakiandika mabango ya vibanda na vinyozi. Wajukuu, kundi lililo katika mtaa wa Mukuru, limewafundisha watoto wa mtaa huo kuchora kwa miaka mingi, na mwaka 2022 lilishiriki katika maonyesho makubwa ya documenta mjini Kassel, Ujerumani. Habari za Kassel ndizo zilizoandikwa magazetini. Mimi, kwa kuzingatia yote niliyoyasoma, ningependa kusikia zaidi kuhusu watoto wale ambao hawatafika Kassel kamwe, waliochora Jumamosi kwa sababu tu palikuwa na rangi na mahali pa kukaa.

Nije sasa kwenye kuimba, kwa sababu ndiyo sanaa ambayo Wakenya wengi hufanya bila kuomba ruhusa. Eiluned Pearce, Jacques Launay na Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwafuatilia watu wazima walioanza masomo ya jioni nchini Uingereza kwa miezi saba, wengine wakijifunza kuimba, wengine kazi za mikono au uandishi wa kubuni, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Mwishoni mwa miezi hiyo makundi yote yalikuwa yamejenga ukaribu unaokaribiana, lakini waimbaji walifika huko mapema zaidi. Baada ya mwezi mmoja tu walikuwa wamezoeana kuliko wengine. Utafiti mwingine wa 2016 ulilinganisha mazoezi ya kwaya ndogo na mkusanyiko wa waimbaji zaidi ya 200, na baada ya kuimba washiriki wa pande zote mbili waliweza kuvumilia maumivu zaidi, jambo ambalo watafiti hulichukulia kama dalili ya endofini, kemikali za mwili zinazotuliza maumivu na kuleta hisia ya ukaribu.

Ninaimba sauti ya nne katika kwaya ya kanisa huko South B, na kwa hakika hatutashinda tuzo. Jumatano jioni watu huingia wakiwa wamenuna, wametoka kwenye msongamano wa Mombasa Road, na mwalimu wa kwaya hana muda wa kuwabembeleza. Ubaoni ameshaandika solfa za sauti zote nne kwa mkono wake uliolala, tunaanza na pumzi: tunavuta pamoja, tunashikilia, tunaachia kwa "s" ndefu hadi mzee wa mwisho aishiwe. Kisha sauti ya pili wanapotea kwenye kipande cha tatu, kama kawaida, na tunarudia. Ukifika wakati sauti nne zinakaa mahali pake, hata kwa mistari miwili tu, nyuso za chumba kizima huwa zimebadilika. Pumzi ndefu na za taratibu peke yake hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, kwa hiyo siwezi kudai kwamba ni muziki uliofanya yote. Lakini sijui njia nyingine ya kuwafanya wahasibu, mafundi wa mabomba na mwalimu mkuu mstaafu wapumue kwa pamoja bila kuona haya.

Mahali ambapo uimbaji umenishangaza zaidi ni nyumbani kwa mjomba wangu. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko yaliko maeneo ya kutunga usemi, kikamwacha na mkono wa kulia mlegevu na mdomo uliojua neno moja tu, "sasa", alilolitumia kwa kila jambo. Alielewa yote aliyoambiwa. Hakuweza kulitaja jina la mkewe. Wazee wa kanisa walipokuja kumwombea, walianzisha utenzi ambao yeye mwenyewe alikuwa akiuongoza kwa miaka mingi, na kwenye ubeti wa pili tulimsikia akiimba, maneno yakiwa kamili, silabi kwa silabi, mpaka kiitikio. Utenzi ulipoisha akataka kusema jambo, na kilichotoka kilikuwa "sasa, sasa".

Madaktari wameijua hali hii kwa muda mrefu. Mwaka 1973, mjini Boston, Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm walieleza tiba inayoitumia: kifungu kifupi cha maneno huimbwa kwa nota mbili tu, ya juu na ya chini, huku mkono wa kushoto wa mgonjwa ukigongwa taratibu kwa kila silabi, kisha uimbaji hupunguzwa hatua kwa hatua hadi ubaki usemi. Wazo ni kwamba kuimba hutumia kwa wingi njia zilizo upande wa kulia wa ubongo, ambao kiharusi hakikuugusa. Mtaalamu wa tiba ya usemi aliyemwona mjomba alimfundisha mkewe namna ya kufanya hivyo, na kwa miezi iliyofuata ukipita pale jioni ungewasikia sebuleni, "na-ta-ka ma-ji", mkono ukigongwa kwenye kiti. Leo anaomba maji, anaomba dawa, na anamwita mkewe kwa jina. Mazungumzo ya kawaida hayajarudi, na hilo linalingana na tafiti nyingi kuhusu tiba hii, ambazo zinaonyesha faida kubwa zaidi kwenye vifungu vilivyofanyiwa mazoezi kuliko kwenye usemi huru.

Ninaeleza mipaka hiyo kwa makusudi, kwa maana uwanja huu umejaa watu wanaouza zaidi ya kilichopo. Mwaka 1993 Frances Rauscher na wenzake waliripoti kwamba wanafunzi 36 wa chuo waliosikiliza muziki wa Mozart kwa dakika kumi walifanya vizuri kidogo katika jaribio la kuwaza maumbo, na faida hiyo ilidumu kama robo saa. Kufikia 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, alikuwa akiomba fedha za umma ili kila mtoto anayezaliwa apewe kanda au diski ya muziki huo. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba kilichosaidia ni kuchangamka kwa kawaida, ambako mtu angekupata kwa muziki wowote anaoupenda. Vilevile ile hadithi kwamba wasanii hutumia ubongo wa kulia na wahasibu wa kushoto haikuonekana popote watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipochunguza picha za ubongo zaidi ya 1,000 mwaka 2013. Sentensi hiyo bado inafundishwa katika semina za hoteli zetu, chai ya saa nne ikiwa tayari mezani.

Hata takwimu nzuri zinahitaji kushikwa kwa uangalifu. Mwaka 2019 Daisy Fancourt na Andrew Steptoe walichapisha katika jarida la BMJ uchambuzi wa watu 6,710 wa Uingereza wenye umri wa miaka 50 na zaidi, waliofuatiliwa kwa takriban miaka 14. Waliohudhuria makumbusho, maonyesho, tamthilia au tamasha kila baada ya miezi michache au mara nyingi zaidi walikuwa na uwezekano wa kufa uliopungua kwa asilimia 31 wakilinganishwa na wasiohudhuria kabisa. Waliokwenda mara moja au mbili kwa mwaka, asilimia 14. Watafiti walizingatia mali, elimu, afya na mambo mengine, na uhusiano haukutoweka. Hata hivyo huu ni uhusiano, na uhusiano hauthibitishi chanzo. Anayeweza kwenda kwenye tamthilia ana miguu inayombeba, ana nauli, ana mwenzake wa kwenda naye na ana jioni isiyo na kibarua cha pili, na si yote hayo hupimika kwa dodoso. Mtu wa mtaa wa Pipeline anayetoka kazini saa mbili usiku hakosi tamthilia kwa kutopenda urembo.

Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani, kupitia ofisi yake ya Ulaya, lilitoa mapitio ya machapisho zaidi ya 3,000, yaliyoandaliwa na Fancourt na Saoirse Finn, na kuhitimisha kwamba sanaa ina nafasi katika kuzuia maradhi, kuimarisha afya na kusaidia matibabu. Kusaidia matibabu, si kuyachukua mahali pake. Mtu aliyezama katika huzuni ya miezi, asiyelala na asiyekula, anahitaji kuonwa na daktari, na yeyote anayemwambia akachore tu anamchelewesha.

Linalobaki kunisumbua ni watoto. Katika mfumo wa elimu wa 8-4-4 somo la sanaa liliondolewa kwenye mtihani wa taifa wa shule za msingi, na kila mwalimu anajua kinachotokea kwa somo lisilotahiniwa: kipindi chake hugeuka kuwa cha hisabati. Mtaala wa umilisi umeirudisha sanaa darasani, ingawa katika nyumba nyingi umeirudisha kwa sura ya mzazi anayekata boksi saa nne usiku ili mtoto asikose alama. Hapo ndipo ninapokumbuka jaribio la 1973 la Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, lililofanywa katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi kwa hiari yao. Baadhi waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe wakichora. Wengine walichora bila ahadi, wakapewa cheti kwa kushtukizwa. Wengine hawakuahidiwa wala kupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu ziliwekwa tena mezani wakati wa kucheza. Wale waliochora kwa ajili ya cheti walizigusa kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupoteza hamu yao. Tatizo halikuwa cheti, ila mapatano yaliyotangulia, yaliyougeuza mchezo kuwa kibarua.

Binti wa dada yangu ana miaka sita na huchora kila mahali, ikiwemo risiti za supamaketi na ukuta wa choo. Dada alinipigia akiniomba ushauri kuhusu darasa la sanaa la Jumamosi lenye mashindano kila mwezi, medali na maonyesho ya mwisho wa muhula ambapo picha za watoto huuzwa kwa wazazi. Nilimweleza habari za Stanford, nikamwambia rimu moja ya karatasi na boksi la kalamu za rangi vikiachwa mezani bila maelezo vingemtosha mtoto kwa sasa, na kwamba asimsifu kila picha bali amuulize inahusu nini. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa uvumilivu ambao sijauzoea kwake, akakubali kwamba huenda watafiti hao wana hoja, kisha akaniambia kwamba ada ya muhula alikuwa ameshaituma kwa M-Pesa tangu Jumatatu.